Mafunzo ya utafiti wa afya ya jamii Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wauguzi, madaktari wakuu wa zoni za afya, wasimamizi wa takwimu kwenye biro santrali, yaani ofisi kuu ya zoni ya afya, na wanafunzi wanaokaribia kuandika memware, yaani tasnifu. Tumeyaandika tukiwaza Lubumbashi, lakini mtu wa Likasi, Kipushi au Kasenga hatapotea humu.

Mafunzo haya yanamfaa nani hasa?

Anayeshika rejista. Muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita IT, anajua mwezi gani dawa zilikwisha na kwa nini wagonjwa wa ng'ambo ya mto hawafiki. Mtu wa namna hiyo akijifunza kuuliza swali kwa utaratibu, anamshinda mwenye shahada tatu anayeingia kituoni kwa mara ya kwanza na dodoso mkononi. Sharti la diploma lisiwe zito. Masharti yenye maana ni matatu: awe na kazi inayomkutanisha na data, mkuu wake awe amekubali kwa maandishi kumwachia siku za kazi, na awe na kompyuta anayoweza kuitumia bila kuiomba kwa jirani.

Kosa la kawaida ni mkuu kujipeleka mwenyewe kwa sababu kuna hoteli na posho. Wiki ya kwanza anakuja, ya pili anamtuma msaidizi, ya tatu haji mtu.

Kwa nini tusiwaachie Kinshasa na wageni kazi ya utafiti?

Kinshasa wana Shule ya Afya ya Jamii tangu 1984, na sisi tuna ya kwetu katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Shule si tatizo. Nchi ina zoni za afya 519, na kila moja ina maswali ambayo hayamhusu mtu wa mbali: kwa nini akina mama wa kartie (mtaa) fulani hukatiza kliniki ya ujauzito baada ya mara ya kwanza, kwa nini kipindupindu kinarudi kwenye avenue zilezile. Hakuna profesa atakayepanda ndege kwa swali hilo.

Na asidanganywe mtu kwamba utafiti mzito hauwezekani kwetu. Kuanzia Novemba 2018, Beni na Butembo zikiwa katikati ya vita na Ebola kwa pamoja, jaribio la PALM liliandikisha wagonjwa 681 na kulinganisha dawa nne. Agosti 2019 lilisimamishwa kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonekana wazi kuokoa watu zaidi. Waliohudumia wagonjwa hao, kujaza fomu na kuwatoa damu wakiwa ndani ya mavazi ya kinga walikuwa kwa wingi Wakongo waliofunzwa hapohapo.

Mafunzo yanachukua muda gani, na yanagawanywaje?

Miezi 9 hadi 12, lakini darasani ni kama wiki tatu tu. Mfano unaofuatwa sana ni ule wa SORT IT, ulioanza mwaka 2009 na sasa unaratibiwa na TDR, programu ya utafiti iliyo ndani ya WHO. (Si TDR ya malaria, kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Kila darasa kuna anayechanganya.) Wiki ya kwanza ni swali na itifaki. Ya pili ni jinsi ya kuingiza na kulinda data. Hapo mwanafunzi anarudi kazini kwa miezi kadhaa kukusanya, na wiki ya mwisho ni ya kuandika makala, aya kwa aya, mlezi akiwa pembeni.

Kinachoubeba mfano huu ni ukali wake. Kila hatua ina tarehe, na anayekosa tarehe anatoka. Darasa lina watu 10 hadi 12, na mlezi mmoja asichukue zaidi ya wanafunzi watatu. Ukiona tangazo la semina ya siku tano, watu 60 ukumbini, cheti siku ya Ijumaa, nenda ukapate chai na marafiki, ila usitegemee kutoka humo ukijua kufanya utafiti.

Ratiba huvunjika hasa kati ya wiki ya pili na ya tatu. Waandaaji huacha miezi mitatu, na ruhusa ya kamati ya maadili inakula miwili. Tungeshauri miezi mitano, tena isiangukie yote kwenye mvua ya Novemba hadi Aprili kama utafiti wenyewe unahitaji kufika pembeni za Annexe, komuni inayolizunguka jiji.

Kila mara naambiwa swali langu ni kubwa mno. Nilipunguzeje?

"Athari za umaskini kwa afya ya watoto Haut-Katanga" si swali, ni kichwa cha habari. Lipitishe kwenye vichujio vinne: nani, wapi, lini, na unapima nini. Likitoka huko linakuwa hivi: kati ya watoto wa miezi 12 hadi 23 wanaoishi zoni ya afya ya Katuba mwezi Juni, wangapi wamekosa dozi ya kwanza ya surua, na wazazi wao wanataja sababu gani? Hilo linaweza kujibiwa na watu kumi kwa wiki tatu.

Kisha liweke kwenye kipimo cha mwisho: jibu likija "ndiyo", nani atabadilisha nini? Kama huna jina la mtu huyo, na cheo chake, swali bado.

Naweza kutumia rejista za kituo bila kwenda kwenye nyumba za watu?

Ndiyo, na kwa utafiti wa kwanza ndiyo njia tunayoipendelea. Ni rahisi, haisumbui mtu, na inamfundisha mwanafunzi jinsi data inavyozaliwa. Lakini usiandike itifaki kabla hujakaa na rejista yenyewe. Fungua ukurasa wowote, hesabu mistari 50, na kwa kila kitu unachokihitaji (umri, jinsi, anwani, kipimo, matokeo) hesabu mara ngapi nafasi iko wazi. Kitu kikikosekana kwenye mistari zaidi ya 10 kati ya 50, kiondoe kwenye swali lako. Hakitarudi kwa maombi.

Halafu angalia kwa makini yafuatayo, maana ndiyo yanayowaumbua watu mbele ya juri. Safu ya umri ina "3". Miaka mitatu au miezi mitatu? Wauguzi wengine huandika M, lakini M hiyohiyo kwenye safu ya pili ni jinsi ya mgonjwa. Alama za "kama juu" zinashuka mistari kumi, na katikati mwandishi alibadilika, kwa hiyo hujui zinaishia wapi. Mgonjwa aliyerudi siku ya tatu amehesabiwa mara mbili, kwa sababu safu ya kisa kipya na kisa cha zamani haikujazwa. Na kuna wiki ambazo malaria "imepungua" ghafla: kabla ya kufurahi, chukua fishi ya stoki ya duka la dawa uone kama vipimo vilikuwapo. Mara nyingi ugonjwa haukupungua. Vipimo vilikwisha, na watu wakaandikwa "homa" tu.

Rejista usiipige picha kwa simu yako. Ina majina. Nakili unachohitaji kwenye fomu yenye namba za siri, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kituoni, ndani ya kabati lenye kufuli.

Idadi ya wakazi tuipate wapi?

Hapa ndipo mahesabu mengi yanapoanguka. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika 1984. Kila idadi unayoiona tangu hapo ni makadirio yaliyopandishwa mwaka hadi mwaka, na jiji hili limepokea watu wa Kasai, wa Tanganyika, wa vijijini na wa migodini ambao hakuna aliyewahesabu. Ndiyo maana utakuta zoni yenye chanjo ya asilimia 118. Watoto hawajazidi, kigawanyo ndicho kidogo.

Mtego mwingine ni mipaka. Jiji lina komuni saba, lakini zoni za afya ni nyingi zaidi na mipaka yake haifuati ya komuni. Ukichukua idadi ya watu kwa shefu wa komuni na wagonjwa kwenye biro santrali, umegawanya machungwa kwa mihogo. Tumia hesabu ya nyumba kwa nyumba iliyofanywa na marele, wale wahamasishaji wa afya wa kujitolea, wa eneo la afya kama ipo, taja mwaka wake, na pale unaposhindwa, tumia uwiano usiohitaji idadi ya watu: waliorudi dozi ya tatu kati ya waliopata ya kwanza, kwa mfano.

Nihoji watu wangapi?

Usiseme 384 kwa sababu memware ya rafiki yako ina 384. Namba hiyo inatoka mahali. Ukidhani nusu ya watu wana unachotafuta, na unakubali kukosea kwa pointi 5 juu au chini, unachukua 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, unagawa kwa 0.05 mara 0.05. Inakuja 384.16, na kwa kuwa hakuna nusu mtu, ni 385. Hiyo ni kwa watu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha, na orodha hiyo kwetu haipo.

Kwa hiyo tunachagua kwa makundi, yaani avenue au vitalu, na watu wa avenue moja hufanana. Ili kufidia kufanana huko unazidisha, tuseme kwa 1.5: inakuwa 578. Ongeza watakaokataa au kukosekana, asilimia 10, kwa kugawa kwa 0.9: inakuwa 643. Kwa lile swali letu la chanjo, ukiwa na makundi 30, kila kundi linahitaji watoto 22, jumla 660.

Ile "30 kwa 7" ya zamani ya chanjo, watoto 210, ilitengenezwa kwa kosa la pointi 10, si 5. Bado inafaa kwa kuangalia haraka. Haifai kulinganisha zoni mbili.

Sasa jambo ambalo bajeti nyingi hulisahau: milango. Watoto wa miezi 12 hadi 23 ni kama asilimia 3 na nusu ya watu. Nyumba ya watu sita inakupa mtoto mmoja kwa kila milango mitano hivi. Watoto 22 ni milango 110. Wahojaji wawili wanaotembea pamoja watamaliza kundi kwa siku mbili kule komuni za Kenya au Katuba, ambako nyumba zimebanana, na kwa siku tatu kule ambako viwanja ni vikubwa na mbwa ni wengi. Panga jozi tano, makundi sita kila jozi, siku 12 hadi 18, na siku mbili za kurudia waliokosekana. Jumamosi unawakuta akina baba. Jumapili asubuhi humkuti mtu, wote kanisani.

Kamati ya maadili ni lazima hata kwa rejista tu?

Lazima upeleke dosie. Kamati ndiyo inayoamua kama utafiti wako unahitaji ridhaa ya kila mtu au la, si wewe. Lubumbashi, kamati ya maadili ya tiba iko chuo kikuu. Ruhusa yake haifuti ruhusa ya Divisheni ya Afya ya Jimbo, na hiyo haimzuii daktari mkuu wa zoni kukuuliza barua ya kwake. Zichukue zote tatu, kwa mpangilio huo, na tembea na nakala zenye mihuri.

Dosie hukwama kwa mambo madogo: fomu ya ridhaa iko kwa Kifaransa tu, hakuna tarehe ya toleo kwenye dodoso, hujasema damu itakayobaki itakwenda wapi, bajeti haionyeshi nani analipa. Kubwa kuliko yote ni kuomba ruhusa baada ya kukusanya. Kamati haibariki kilichokwisha kufanyika, na jarida litadai namba na tarehe ya ruhusa.

Fomu ya ridhaa isizidi kurasa mbili. Isomwe kwa sauti. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si wa timu yako. Na usimwandikie "utapata matibabu bure" kama hutaweza.

Dodoso liwe la Kifaransa au la Kiswahili?

Utaandika itifaki kwa Kifaransa kwa sababu kamati na juri wanasoma hivyo. Mama wa Ruashi hatajibu kwa Kifaransa. Tukiwaachia wahojaji watafsiri mlangoni, wahojaji kumi watauliza maswali kumi tofauti, na hutajua kama tofauti ni ya watu au ya wahojaji. Kwa hiyo tafsiri iandikwe. Mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine, ambaye hajaona Kifaransa cha kwanza, anairudisha kwenye Kifaransa, mnakaa kulinganisha. Kisha mnajaribu kwa watu 10 hadi 15 wa kartie ambayo haimo kwenye sampuli.

Kiswahili cha kitabuni nacho kina mitego yake hapa. Chukua sentensi fupi: "Mtoto amechanjwa?" Kuchanja ni chanjo, lakini ni pia zile chale za dawa za kienyeji, na mama anaweza kukujibu ndiyo kwa moyo safi bila mtoto kuwahi kuona sindano ya kituo. Matone ya polio nayo si sindano, kwa hiyo "alidungwa?" inayaacha nje. Uliza hivi: "Naomba karatasi ya mtoto ya kliniki." Ikiwapo, soma. Isipokuwapo, uliza kwa mahali pa mwili: sindano ya mkono wa kushoto iliyoacha kovu, matone mdomoni, sindano ya paja. Halafu "malaria": kwa watu wengi ni kila mwili kuwa moto. Ukitaka homa, sema mwili moto, na taja siku: wiki mbili zilizopita, kuanzia siku fulani.

Saa pia. Saa mbili ya anayehesabu Kiswahili ni saa nane ya anayehesabu Kifaransa, na hapa mjini wote wako kwenye taksibisi moja. Mhojaji aandike kwa tarakimu, 08:00, baada ya kuuliza kama jua lilikuwa limetoka.

Simu au karatasi?

Simu, ukiwa na uwezo. Programu za KoboToolbox na ODK ni za bure, zinafanya kazi bila mtandao, na fomu inatumwa jioni. Faida kubwa ni kuzuia upuuzi kabla haujaingia: umri wa mtoto usizidi miezi 59, tarehe ya kuzaliwa isiwe ya kesho, swali la uzazi lisijitokeze kwa mwanamume.

Yanayoharibika tunayajua kwa majina. Tarehe ya simu imekosewa, mahojiano yote yameandikwa mwaka 2015, zikague asubuhi. Mahali pa GPS pamechukuliwa ndani ya nyumba ya bati. Mhojaji atoke nje asubiri mpaka usahihi ushuke chini ya mita 10. Fomu imebadilishwa katikati ya kazi, na jozi mbili zimebaki na toleo la zamani. Umeme umekatika usiku kucha: kila jozi iwe na betri ya akiba ya mAh 10,000 angalau, na karatasi 20 za dodoso kwenye mfuko wa plastiki. Msimamizi apakue data kila jioni, si mwisho wa wiki, na arudie simu kwa nyumba moja kati ya ishirini kuhakikisha kwamba mhojaji alifika kweli.

Ukitumia karatasi, ziingizwe mara mbili na watu wawili tofauti, programu ya EpiData ikilinganisha. Kuingiza mara moja na "kuangalia kwa macho" ni kujipa moyo.

Programu gani ya kuchambua?

R au Epi Info. Zote bure. SPSS ya kuvunjwa kufuli, inayotembea kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta, imekula memware nyingi pamoja na virusi vyake. Data iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba unamolala.

Kabla ya kufungua programu yoyote, chora majedwali matupu: vichwa, safu, mistari, bila namba. Jedwali ambalo huwezi kulichora ni uchambuzi usioujua.

Nimepata namba kubwa, promota wa memware yangu anafurahi. Kwa nini mlezi anakunja uso?

Huenda anatazama upana wa makadirio. Mfano mzuri ni wa hapahapa. Utafiti uliochapishwa 2020, ulioongozwa na timu ya Ubelgiji na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na 108 wasio nazo, katika wodi za uzazi za jiji hili. Baba kufanya kazi inayohusiana na migodi kuliambatana na uwezekano wa kasoro mara 5.5 zaidi. Gazeti linaishia hapo. Mtafiti anaendelea kusoma: ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25.0. Yaani uhusiano upo, lakini ukubwa wake haujulikani vizuri, kwa kuwa watoto ni wachache. Waandishi waliandika namba zote tatu. Na wewe uandike zote tatu.

Tunataka kupima metali kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi. Tujihadhari na nini?

Vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi jekundu liko kila mahali, na punje moja ya udongo kwenye chupa inaweza kukupa kobalti ambayo haikupitia mwili wa mtu yeyote. Usichukue mkojo mgodini wala mtu akiwa na nguo za kazi. Aoge au anawe mikono na kucha kwa sabuni, akojoe kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa tangu kiwandani, afunge mwenyewe mara moja. Mililita 30 zinatosha. Kutoka kila katoni ya vyombo, chukua viwili, tia maji safi ya maabara na uvipeleke kama sampuli: vikirudi na metali, tatizo ni chombo. Hifadhi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na andika kila kukatika kwa umeme kulikopita saa chache.

Pima pia kreatinini, inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani. Mtu aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi na ataonekana msafi kuliko alivyo. WHO inapendekeza kuacha sampuli zenye kreatinini chini ya gramu 0.3 au juu ya gramu 3 kwa lita. Zihesabu mapema kwenye idadi yako.

Mshirika wa Ulaya anataka sampuli na data. Tukubali?

Kwa maandishi, kabla ya sampuli ya kwanza. Mwaka 1976 daktari Mkongo Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku, kaskazini mwa nchi, kwenye mlipuko wa ugonjwa usiojulikana, akachukua damu ya mgonjwa kwa mikono mitupu, na sampuli ikaishia Antwerp. Kwa miaka mingi hadithi ya kugundua Ebola ilisimuliwa bila jina lake. Baadaye ndiye aliyeijenga INRB ya Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba na biolojia, na alishasema wazi kwamba sampuli za Kongo zichunguzwe Kongo.

Mkataba useme: nani anamiliki, sampuli zitatumika kwa swali gani tu, zinaharibiwa au kurudishwa lini, nani anaandika kwanza, na Mkongo gani atafunzwa kutumia mashine hiyo. Kuhusu majina ya waandishi, majarida mengi hufuata masharti manne kwa pamoja: kuchangia kwa uzito kwenye wazo au data, kuandika au kuhariri, kuidhinisha toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kilichoandikwa. Mkuu wa hospitali aliyetia sahihi barua anashukuriwa, haandikwi mwandishi. Tunajua hili linaumiza kulisema. Lisemwe siku ya kwanza, maana siku ya kutuma makala ni ugomvi.

Tuchapishe wapi, na nani analipa?

Pan African Medical Journal inapokea Kifaransa na Kiingereza. Kabla ya kuandika, jaza orodha ya STROBE, ya mambo ambayo ripoti ya utafiti inapaswa kuyataja, yenye vipengele 22; inakuonyesha ulichosahau. Majarida mengi ya wazi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, lakini unaomba wakati wa kutuma, si baada ya kukubaliwa. Kusoma makala za wengine, chuo au hospitali yako ijiandikishe Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia taasisi majarida ya afya, ulioanza 2002. Anayejiandikisha ni taasisi, si mtu binafsi.

Barua pepe inayokuita "Profesa mheshimiwa" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, ifute.

Posho za washiriki tuzipangeje?

Lipa gharama halisi: nauli, chakula, inite (salio) za simu, malazi kwa wanaotoka nje ya jiji. Bajeti iandikwe kwa dola, malipo ya uwanjani yakifanywa kwa franka ukumbuke kwamba bei ya dola inapanda na kushuka; weka akiba ya asilimia 10. Tuzo kubwa zaidi iwekwe mwisho, baada ya makala kutumwa. Ukigawa posho nono kwa kuhudhuria, utapata wahudhuriaji.

Tukiwafunza wanachukuliwa na mashirika. Kuna dawa?

Dawa kamili hapana. Mshahara wa serikali haushindani na wa shirika. Kinachosaidia ni kuwafunza wawili wawili kutoka zoni moja, mmoja akiondoka mwingine abaki na faili. Na kuipa zoni nafasi ya kazi hiyo rasmi, saa nne kwa wiki za kuchambua data yake yenyewe. Akina mama wanaonyonyesha waruhusiwe kuja na msaidizi, na masomo yaishe saa tisa alasiri. Bila hivyo darasa zima litakuwa la wanaume, na maswali ya uzazi yataulizwa na wasiojua pa kuanzia.

Matokeo tuyarudisheje kwa wakazi?

Ukurasa mmoja wa Kiswahili, picha moja, namba zisizozidi tatu. Daktari mkuu wa zoni aone kwanza, kisha mkutano wa mwezi wa biro santrali, kisha marele na shefu wa kartie. Sema "watoto 3 kati ya 10", usiseme asilimia 31.4. Majibu ya mtu binafsi, kama ya mkojo au damu, hayatangazwi mkutanoni; anaambiwa mwenyewe, faraghani, na mtu anayeweza kumweleza la kufanya. Usitaje jina la avenue ambayo kila mtu atajua ni nyumba ya nani.

Karatasi za dodoso zitunzwe muda gani?

Angalau miaka mitano baada ya kuchapisha, au muda uliouandika kwenye itifaki kama ni mrefu zaidi. Ziwe kwenye makatoni yaliyoinuliwa juu ya matofali. Mchwa wa Katanga hawasubiri.